Tutafute Chanzo Kabla ya Kumtafuta Mkosaji

Katika nyumba nyingi za miji yetu kuna kompyuta moja ya watu wote. Mara nyingi imenunuliwa ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine, nayo inakaa sebuleni, juu ya meza ndogo kando ya televisheni. Mkubwa anaandikia kazi zake za chuo kikuu, baba anaandika barua, mama anahifadhi picha za ndoa na za ubatizo, wadogo wanacheza. Ikiwa nzima, hakuna anayeifikiri. Ikianza kusumbua, nyumba yote inasumbuka, na swali la kwanza ni lile lile kila mahali: “Nani aliigusa wa mwisho?”

Tunataka kusema neno juu ya swali hilo. Sisi tunaona kwamba linapotangulia maswali mengine, linaharibu vitu viwili kwa mara moja: mashine haitengenezwi vizuri, na mtu fulani nyumbani anaumizwa bila sababu. Hatusemi hivyo kwa kusoma vitabuni. Tunasema kwa sababu tulikosa sisi wenyewe.

Yaliyotupata

Tulikuwa watu saba katika nyumba yetu ya Lubumbashi, na kompyuta moja, ile ya sanduku la chuma lenye kioo chake kando. Baba aliweka akiba miezi mingi ili kuipata. Mama aliifurahia hata akaifumia kitambaa cheupe cha uzi, kama vile vilivyo juu ya viti vya sebuleni, ili vumbi la kiangazi lisiiingie.

Mwaka mmoja, mwezi wa kenda, wakati joto linapopanda na mvua bado haijanyesha, mashine ikaanza kuzimika yenyewe. Haikutoa onyo lolote. Kioo kiligeuka cheusi, na ilibidi kungoja robo saa kabla haijakubali kuwaka tena. Mara nyingi ilizimika mikononi mwa mdogo wetu wa mwisho, mwenye miaka kumi na mitatu, aliyependa mchezo wa kandanda wa kwenye kompyuta. Siku moja ilizimika mikononi mwa dada yetu, katikati ya kazi yake ya kumaliza masomo, akapoteza kurasa alizoandika tangu asubuhi.

Sisi wakubwa hatukuhitaji mkutano mrefu. Tulimkataza mdogo wetu asiiguse tena. Tulimwita mharibifu, na tulimwita hivyo hata mbele ya wageni. Yeye alijitetea mara moja tu, akasema: “Yaya, kule nyuma ya sanduku kuna joto kali.” Tulimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyeharibu hana haki ya kufundisha.

Siku tatu zikapita, mashine haikuzimika. Tukafurahi, tukasema: ushahidi umepatikana. Siku ya nne dada yetu alipokuwa akitazama masomo ya video, ikazimika. Je, tulijirudi? Hapana. Tulisema lazima mdogo aliamka usiku akacheza kwa siri. Tazameni jinsi akili inavyofanya ikiwa imekwisha kuhukumu: hata jambo lililomtetea tuliligeuza likawa la kumshitaki.

Mwishowe baba alimwita fundi, kijana wa mtaa wetu. Hakuanza kwa kufungua misumari. Alivuta kiti akauliza: Ilianza lini? Inapozimika, taa za nyumba zinabaki zikiwaka? Mkiiwasha mara hiyo hiyo inakubali, au mpaka ipumzike? Mlikuwa mkifanya nini ilipozimika? Kisha aliweka kiganja nyuma ya sanduku, akakiondoa upesi. Akatazama kile kitambaa, akauliza kwa adabu: “Mama, kitambaa hiki kinakaa hapa siku zote, hata mashine ikiwa inafanya kazi?”

Kilikaa siku zote. Alipofungua sanduku tuliona feni ndogo iliyojaa vumbi jekundu, na mabati membamba yaliyo chini yake yamezibwa kabisa, kana kwamba mtu aliyajaza pamba. Akatueleza kwamba prosesa, yaani sehemu inayofanya mahesabu yote, inatoa joto inapofanya kazi. Feni na mabati yale kazi yao ni kuliondoa joto hilo, na matundu ya sanduku ni ya kulitoa nje. Vumbi lilizuia ndani, kitambaa kikazuia nje. Joto likipita kiasi, mashine inajizima yenyewe ili isiungue. Mchezo wa kandanda na video vinaifanyisha prosesa kazi nyingi kuliko maandishi, na kwa hiyo vinaipasha joto haraka zaidi. Mdogo wetu hakuwa ameleta ugonjwa. Mchezo wake uliuonyesha tu.

Fundi alisafisha kwa brashi laini, akaishika feni isizunguke alipopuliza vumbi, akapaka upya ile dawa inayopitisha joto kati ya prosesa na mabati. Kazi yote haikumaliza saa mbili.

Lakini hatukusahau jambo moja. Mama alipoelewa kwamba kitambaa chake kilikuwa sehemu ya chanzo, alihuzunika, na sisi sote tulikimbilia kumfariji: “Mama, hukujua. Ulitaka kuitunza.” Ilikuwa kweli. Ila neno hilo, “hukujua”, ambalo tulimpa mama kabla hajaliomba, hatukumpa mdogo wetu kwa mwezi mzima. Naye ndiye aliyetuambia mapema mahali penye joto. Baadaye tulimwomba radhi, jioni moja, kwa maneno machache, tukiwa peke yetu naye. Tulimlaumu mbele ya wageni, tukamwomba radhi pembeni. Hata hapo hatukuwa wenye haki.

Aliyekuwapo si aliyesababisha

Kosa letu linaelezeka kwa urahisi: tulimchukua aliyekuwapo tukamfanya aliyesababisha. Mashine inarahisisha kosa hilo, kwa kuwa alama inazotoa mara nyingi zinaelekeza mbali na chanzo. Tutoe mifano miwili ambayo vijana wengi wataitambua.

Wa kwanza ni wa saa. Umeme unakatika, unarudi, na tangu hapo intaneti inakataa kufungua kurasa, ikisema kwamba muunganisho si salama. Nyumba inalia: virusi! Nani alifungua mambo mabaya? Kabla ya kumwita mtu, tazameni tarehe pembeni mwa kioo. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, jibu mnalo. Ndani ya sanduku kuna betri ya duara, ndogo kama sarafu, ya volti 3, mara nyingi yenye alama CR2032. Kazi yake ni kutunza saa wakati mashine haina umeme. Ikichoka kwa uzee, kila umeme unapokatika tarehe inapotea. Kurasa salama za intaneti zina vyeti vyenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba tupo katika mwaka mwingine inavikataa vyeti hivyo. Rekebisheni tarehe, kisha nunueni betri. Hapo hakuna mwenye kosa.

Wa pili ni wa kle ya USB. Mtoto anarudi kutoka mahali pa kuchapishia karatasi, anachomeka kle, na mabunda yote ya picha yanaonekana yamegeuka vijialama vya njia ya mkato visivyofungua kitu. Nyumba inasema: amefuta picha za ndoa! Mara nyingi hakuna kilichofutwa. Kuna virusi vinavyojinakili kutoka kle hadi mashine, vikificha mabunda ya kweli na kuweka mahali pake vijialama vya uongo. Anayebofya vijialama hivyo anavisaidia kuenea. Anayekubali haraka kuiformati kle anafuta kwa mkono wake kile ambacho virusi vilikuwa vimeficha tu. Njia njema ni kutobofya, kuiambia mashine ionyeshe faili zilizofichwa, kusafisha kwa programu ya kinga iliyofanywa mpya, na kunakili picha mahali pengine.

Katika mambo haya mawili, hasira ingetupeleka penye mtu, wakati jibu lilikuwa katika betri, au katika kubofya kwa pupa.

Kuona, kupima, kutenda

Vikundi vyetu vya vijana vinajua njia ya kuona, kupima na kutenda. Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha JOC kwa ajili ya vijana wafanyakazi mwaka 1925, aliifundisha. Naye Papa Yohane wa XXIII aliipendekeza katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961. Tumezoea kuitumia kwa mambo makubwa ya jamii. Sisi tunaamini inafaa pia mbele ya meza ile ndogo ya sebuleni, kwa maana mtu asiyejua kupima kwa haki katika jambo dogo hatajua katika jambo kubwa.

Kuona ni kusema kilichotokea bila kutoa hukumu. “Kompyuta imeharibika” si kuona, na “mtoto ameiharibu” ni hukumu. Kuona ni kusema: saa kumi jioni, video ikiendelea, kioo kilizimika, feni ikanyamaza, taa za nyumba zikabaki. Ikiwa maneno yalitokea kwenye kioo, yaandikeni kama yalivyo, au yapigeni picha kwa simu. Ikiwa mashine ililia mara tatu ilipokuwa ikiwashwa, hesabuni milio, kwa sababu idadi yake ina maana kwa fundi. Kisha ulizeni: ni nini kilichobadilika siku za karibuni? Programu mpya? Kifaa kipya? Umeme uliokatika ghafula? Meza iliyohamishwa ikaegemea ukuta?

Kupima ni kuanza na yaliyo rahisi, yasiyo na gharama na yasiyoharibu kitu. Waya umeingia vizuri? Mashine ikizimwa na kuwashwa upya, tatizo linabaki? Tarehe ni ya kweli? Nafasi ya kuhifadhi imejaa filamu na nyimbo hata mashine haina pa kupumulia? Kuna programu mbili za kinga zinazogombana ndani yake? Nyuma ni moto? Wenye kompyuta ya mapajani wakumbuke kwamba blanketi la kitandani linaziba matundu yake sawasawa na kitambaa cha mama yetu.

Halafu kuna kipimo kimoja ambacho tunakililia hadi leo, kwa kuwa kingetuchukua nusu saa tu: tatizo linamfuata mtu, au linaifuata kazi? Mwingine afanye kazi ile ile, na yule anayelaumiwa afanye nyingine. Kama mmoja wetu wakubwa angecheza ule mchezo wa kandanda, mashine ingezimika mikononi mwake, na mdogo wetu angekuwa huru siku hiyo hiyo.

Kutenda kunaanza na kunakili. Kabla ya dawa yoyote, kabla ya fundi yeyote, vitu visivyoweza kupatikana tena vitolewe: kazi za shule, picha, karatasi za jamaa. Wenye ujuzi wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwekwe nje ya nyumba. Kle moja iliyo kwa shangazi inaweza kuokoa kazi ya miaka mitatu. Kisha badilisheni jambo moja tu kwa wakati. Anayebadilisha mambo matano pamoja, hata mashine ikipona, hajui ni lipi lililoiponya, na ugonjwa ukirudi anaanza upya. Na mkiambiwa na mtu yeyote kwamba dawa ni kuiformati mashine, ulizeni kwanza: umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Kuformati kunafuta yote, na hakuondoi vumbi wala hakuponyi betri.

Kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa nguvu, tuongeze neno moja. Stabilizateri inapunguza madhara ya umeme unaopanda na kushuka. Onduleri yenye betri nzima inawapa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Asiye nazo azoee kuhifadhi maandishi yake kila dakika chache, na achomoe waya umeme unapoondoka, asubiri utulie ndipo aurudishe.

Daftari kando ya mashine

Tarehe 9 Septemba 1947, kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, watu waliokuwa wakiendesha mashine kubwa ya kuhesabu iitwayo Mark II walitafuta hitilafu, wakaikuta: nondo aliyenaswa katika swichi mojawapo ya umeme. Hawakumtupa tu. Walimbandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Mafundi walikuwa tangu zamani wakiita hitilafu “mdudu”, na siku hiyo mdudu alikuwa wa kweli. Daftari hilo, pamoja na nondo wake, linatunzwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Tunapenda tendo lile kwa sababu ya daftari. Watu wale walikuwa na desturi ya kuandika kila kilichotokea, na siku ya shida daftari lilisema mahali pa kelele. Nyumba yenye kompyuta moja na watu saba inahitaji daftari la shule la kawaida, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi: tarehe, jina, kilichotokea, kilichofanywa. Sisi tuliliweka baada ya mkasa ule. Ukurasa wa kwanza uliandikwa na mdogo wetu, nao unasema kwa mwandiko wake: vumbi na kitambaa.

Je, hakuna mkosaji kamwe?

Mtu atatuuliza: mnataka kusema kwamba hakuna anayeharibu? Tusidanganyane. Wapo wanaoweka programu za kuiba walizozikuta popote. Wapo wanaomwaga chai juu ya vibonyezo wakanyamaza. Wapo waliokatazwa kitu na wakakifanya.

Tunajibu kwamba hata hapo, ukweli uliosemwa mapema una faida kuliko adhabu. Fundi akijua kwamba chai ilimwagika jana, anajua pa kuanzia. Akifichwa, atapoteza siku, na baba atalipa siku hizo. Sasa, mtoto aliyeona mwenzake akiadhibiwa kwa kusema, atasema? Nyumba inayoadhibu anayekiri inajifundishia uongo. Kwa hiyo tunapendekeza sheria moja ya nyumbani: anayesema siku ile ile haadhibiwi, ila anashiriki kutengeneza. Asaidie kunakili, asaidie kusafisha, aandike daftarini. Wajibu wake haukufutwa, wala jina lake halikuchafuliwa.

Tunapendekeza pia kila mtu awe na mlango wake katika mashine, yaani jina lake na neno lake la siri, na ule mlango mkuu wenye ruhusa ya kuweka programu utumiwe kwa kazi hiyo tu. Mtoto akikosea katika mlango wake mdogo, mara nyingi madhara yanabaki humo. Lakini tusigeuze utaratibu huu kuwa upelelezi. Kutengeneza kompyuta hakumpi mtu ruhusa ya kusoma barua za dada yake. Anayetafuta hitilafu na akakutana na siri ya mwingine, aipite kama mtu apitaye mbele ya mlango ulioachwa wazi.

Neno kwenu ninyi

Wapendwa vijana, tumewaandikia ninyi kwa sababu katika nyumba nyingi ninyi ndio mafundi. Baba na mama hawakuzaliwa na mashine hizi. Ikiharibika wanawaita ninyi. Ni heshima, nayo ina hatari yake. Siku hiyo mtakachosema kitaaminiwa. Mkisema “ni mdogo”, mdogo ataadhibiwa, naye hana maneno ya kujibu maarifa yenu. Mkisema “bado hatujui, tutazame kwanza”, mtakuwa mmemlinda mtu mnyonge kwa sentensi moja, hata kabla ya kufungua sanduku.

Msione haya kusema hamjui. Fundi wa mtaa wetu alianza kwa maswali, na ndiyo maana alimaliza haraka. Na msimdharau anayesema neno dogo kutoka pembeni. Katika nyumba yetu jibu lilisemwa siku za kwanza kabisa, na mtu tuliyekuwa tumemkataza kusema.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Nyumbani kwetu kitu cha wote kinapoharibika, nani hulaumiwa wa kwanza? Kwa nini yeye?
2. Je, tumewahi kumlaumu mtu mbele ya wengine na kumwomba radhi faraghani, au kutomwomba kabisa? Tunaweza kufanya nini sasa?
3. Wiki hii, nani kati yetu ataisaidia nyumba moja kunakili kazi na picha zake, kutazama vumbi la mashine yake, na kuanzisha daftari kando yake?